Mlima umepasuka juu ya kijiji chetu: tuhame au tungoje?

*"Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Marakwet Mashariki. Kijiji chetu kiko kwenye bonde dogo chini ya milima ya Cherangany, maboma thelathini hivi kandokando ya kijito. Baada ya mvua za wiki mbili zilizopita, ufa umetokea kwenye shamba la mahindi la mjomba wangu, juu yetu kabisa. Una umbo la mwezi mchanga na mkono wangu unaingia hadi kwenye kiwiko. Wazee wanasema mlima huu haujawahi kushuka tangu enzi za babu zao. Vijana wanataka kuujaza ufa mawe na kupanda mikaratusi. Chifu anasema tuhame lakini hasemi twende wapi, na mama yangu hataki kuliacha kaburi la baba. Mvua imekatika siku tatu sasa, ila chemchemi tunayochota maji imeanza kutoa maji ya udongo. Je, hatari imepita? Na tukiamua kukaa, kuna namna ya kuuzuia mlima? Shule yetu pia iko mdomoni mwa korongo hilohilo."*

Mwalimu, nianze na hilo la chemchemi, kwa sababu limenishtua kuliko ufa wenyewe. Hatari haijapita. Maji ya chemchemi huchujwa na udongo njiani, ndiyo maana hubaki safi hata kijito kikiwa na tope. Yakianza kutoka machafu wakati hakuna mvua, maana yake ndani ya mlima kuna udongo unaosogea au unaoliwa na maji. Ukiweka habari hiyo pamoja na ufa ulio juu, naomba jambo moja lifanyike leo kabla ya giza: maboma yote yaliyo chini ya ufa, na yote yaliyo karibu na kijito kuanzia hapo kwenda chini, yasilale watu.

Sisemi mhame. Nasema mlale kwingine, usiku wa leo na kila usiku hadi mtu mwenye ujuzi apande akaone. Kulala kwingine na kuhama ni mambo mawili, na naona kijijini kwenu yamechanganywa. Chifu akitamka kuhama, watu wanasikia kuacha shamba, kaburi na ng'ombe, basi wanakataa yote kwa pamoja na kurudi kulala chini ya ufa.

Sasa kwa nini mvua ikatike na hatari isikatike? Wengi huamini maporomoko huletwa na mvua inayonyesha saa ileile. Huletwa na maji yaliyokwisha kuingia ardhini, nayo hayana haraka. Cherangany ni milima ya mwamba mkongwe uliogeuzwa na joto na shinikizo ardhini. Si volkano kama Elgon au Longonot. Juu ya mwamba huo kuna tabaka la udongo uliotokana na jiwe lenyewe kuoza, mahali pengine nusu mita, pengine mita kadhaa, na pale udongo unapokutana na jiwe mara nyingi kuna udongo wa mfinyanzi unaoteleza. Maji ya mvua huzama polepole mpaka yagonge mwamba. Hapo hayana njia nyingine ila kujikusanya na kutambaa kuelekea chini. Kwenye mteremko mrefu kama wenu, yaliyoingia juu kwenye msitu yanaweza kuchukua siku kadhaa kufika chini ya shamba la mjomba wako. Jua linawaka, nguo zinakauka kwenye kamba, na huko ndani maji bado yanaongezeka.

Na ni maji mengi. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kwa usiku mmoja wa Novemba, ni lita 50 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa ekari moja ni zaidi ya lita 200,000, yaani kama tani 200. Sehemu hutiririka juu juu, sehemu huingia. Uzito huo una madhara yake, lakini hasa kinachoangusha mlima ni shinikizo. Udongo hukaa kwenye mteremko kwa sababu chembe zake zinakandamizana na kusuguana. Maji yakijaa katikati yake huzisukuma na kuzitenganisha, kama mvuke unavyoinua mfuniko wa sufuria ya githeri: mfuniko una uzito uleule, ila hauketi tena. Mteremko ukifika hapo unaweza kung'oka bila mtu kuugusa, bila tetemeko, na bila hata mvua kunyesha wakati huo.

Turudi kwenye ufa. Umbo la mwezi mchanga, pembe zikielekea bondeni, ni alama kwamba kipande cha mlima kimeanza kujitenga na kingine. Ni tofauti kabisa na nyufa za kiangazi za udongo mweusi, ambazo hukatizana kila upande na kujifunga mvua ikirudi. Panda ukauone tena mchana, hali ya hewa ikiwa nzuri, mkiwa wawili, na msimame upande wa juu tu. Angalia kama ukingo wa chini umeshuka kuliko ukingo wa juu, hata kwa upana wa vidole viwili. Angalia mizizi inayokatiza ufa, kama imelegea au imevutika kama kamba hadi ikakatika. Kisha shuka kwa njia ya pembeni uangalie sehemu ya chini ya mteremko: je, kuna mahali ardhi imevimba, au pamekuwa chepechepe pasipokuwa na maji zamani, au nguzo za ua na miti imeinama upande mmoja? Ukikuta juu pameshuka na chini pamevimba, basi kile kilicho katikati kinatembea tayari, na hamna tena muda wa kuitisha mkutano mrefu.

Kuhusu wazee, tafadhali usiende kuwaambia wamekosea. Wanachosema kuhusu miaka wanayoikumbuka ni kweli. Tatizo ni kwamba mlima unaweza kukaa vizazi vingi bila kushuka, kumbukumbu ikaisha, kisha ukashuka. Mwombe mzee mmoja mwende naye kwenye ukingo wa kijito, pale maji yalipoukata ukapata ukuta wa udongo. Mawe yaliyoletwa na mto taratibu huwa yamelainika na yamepangika, makubwa na makubwa, madogo na madogo. Mkikuta mawe yenye pembe kali, mengine makubwa kuliko ng'ombe, yamechanganyika na udongo ovyo bila mpangilio wowote, hayo hayakuletwa na mto. Yalishuka kwa mkupuo mmoja. Vijiji vingi vya chini ya ukingo wa Elgeyo vimejengwa juu ya ardhi ya namna hiyo, kwa sababu mdomoni mwa korongo ndipo palipo na rutuba, maji na nafasi tambarare. Wahenga hawakuchagua pale kwa ujinga. Chini kabisa kwenye sakafu ya Bonde la Kerio kulikuwa na malaria na wezi wa mifugo. Juu kulikuwa na baridi na msitu. Mteremko wa kati ulikuwa mahali pa akili. Kilichobadilika ni kwamba sasa tuko wengi, tumelima hadi kwenye makorongo, tumekata barabara, na nyumba zimeshuka hadi palepale maji na mawe hupita.

Maporomoko ya Chesongoch, hukohuko Marakwet Mashariki, unayajua kuliko mimi, usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025. Kabla yake, Aprili 2020, tope lilishukia kituo cha biashara cha Chesegon, mpakani mwa kaunti yenu na Pokot Magharibi. Na usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019 ilikuwa Nyarkulian, Parua na Tamkal, kulekule Pokot Magharibi, ambako watu zaidi ya 40 walifariki. Tazama jinsi usiku unavyojirudia. Udongo hauchagui saa, lakini mchana mtu huona, husikia, hukimbia. Usiku, mvua ikipiga mabati, hasikii chochote. Ndiyo sababu nasisitiza mahali pa kulala kuliko mahali pa kulima.

Vijana wako wana moyo mzuri, lakini mawe yasiingie kwenye ufa. Mawe huacha nafasi, na kila nafasi ni njia ya maji kushuka moja kwa moja hadi kwenye sehemu inayoteleza. Ufa huzibwa kwa udongo wa mfinyanzi, unajazwa kidogo kidogo na kushindiliwa, kisha juu unafanywa kama tuta ili maji yasituame. Kama hakuna muda, turubai lililobanwa kwa mawe pembeni linasaidia kwa siku chache. Kazi hiyo ifanywe asubuhi ya jua, watu wachache, mmoja asimame kando akiwa hana jembe mkononi, kazi yake kutazama tu. Mkiona ukingo umeshuka au umepanuka kuliko jana, msiufanyie kazi kabisa. Na sipendi mtu aamini kwamba kuziba ufa kumeponya mlima. Kumepunguza maji yanayoingia, basi.

Mikaratusi ni suala ambalo watu hubishana nalo sana. Mizizi ya miti hushika udongo vizuri katika mita moja au mbili za juu. Kama mwamba uko karibu, miti ni kinga kubwa kweli, na msitu wa asili wenye miti mirefu, vichaka na nyasi ni bora kuliko mstari wa aina moja. Lakini ufa unaomeza mkono hadi kiwiko unaweza kuwa unatoka mita nne au tano chini, mahali mzizi wa mche wa mwaka huu hautafika. Miche haiwezi kuokoa msimu huu. Pandeni, ila kwa ajili ya wajukuu, na mpande juu kwenye vichwa vya makorongo. Kuna jambo jingine ambalo watu hawalitilii maanani: mti ukikatwa, mizizi yake haifi siku hiyo. Inaoza polepole, kwa hiyo mteremko hudhoofika zaidi miaka michache baada ya kukata, wakati kila mtu amesahau. Kama juu ya shamba la mjomba kulikatwa miti miaka mitatu au minne iliyopita, sasa ndio wakati wa kuwa na wasiwasi.

Kama kuna kitu kimoja mnachoweza kukifanya kwa mikono yenu na kikaleta tofauti msimu huu, ni kuyaelekeza maji kwingine. Ninyi Wamarakwet mna mifereji ya kunyweshea mashamba iliyokuwapo kabla ya serikali yoyote, inayokatiza mlima kutoka mtoni hadi mashambani. Ni kazi ya kujivunia. Lakini mfereji wa udongo unaovuja juu ya ufa unanywesha sehemu inayoteleza usiku na mchana, mvua iwepo isiwepo. Nenda na wazee wanaosimamia mfereji, mtembee nao kutoka kwenye ufa kwenda juu, mkitafuta mahali nyasi ni kijani kupita kiasi au ardhi inabonyea. Waombeni wafunge maji kule yanakochukuliwa mtoni mpaka mvua ziishe. Msimu wa mvua hakuna anayenywesha shamba, kwa hiyo hilo mara nyingi hukubalika haraka kuliko mnavyodhani.

Angalia pia barabara. Ile ya murram iliyokatwa na tingatinga juu ya kijiji, kalvati yake inamwaga maji wapi? Nimeona zaidi ya mara moja kalvati moja ikikusanya maji ya mlima mzima na kuyatema kwenye shamba la mtu mmoja, na ufa ukaanza hapohapo. Matuta ya fanya juu nayo, ambayo tumefundishwa ni mazuri, na kweli ni mazuri katika nchi kavu, hushikilia maji ili yaingie ardhini. Juu ya ufa hilo ndilo msilolitaka. Mkichimba mtaro wa kukinga maji, uwe juu zaidi, kwenye ardhi ambayo haijapasuka, wenye mwinuko wa kutosha maji yasisimame, na uishie kwenye mkondo wenye mawe, si kwa jirani. Na nyuma ya nyumba, pale watu wanapochimba mlima ili wapate uwanja, waache kuchimba. Udongo wa chini ndio unaoubeba ule wa juu.

Halafu upimeni ufa. Wewe ni mwalimu, hili utalifanya vizuri kuliko ofisa yeyote. Pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, umbali wa mita moja kutoka ukingoni, kwenye sehemu tatu. Pima umbali kati ya vigingi hivyo kwa futi kamba kila asubuhi, apime mtu yuleyule, uandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Weka shuleni kopo lenye kuta zilizonyooka, pima kina cha maji kwa rula kila asubuhi, hiyo ndiyo mvua yenu kwa milimita. Hakuna namba moja ya mvua ambayo ikifika mlima hushuka. Mvua ndogo baada ya wiki mbili za kulowa ni mbaya kuliko mvua kubwa juu ya ardhi kavu. Kinachosema zaidi ni mwendo wa vigingi vile. Vikisogea milimita mbili kwa wiki, ni tahadhari. Vikienda sentimita moja leo, mbili kesho, tano kesho kutwa, acheni kupima na msipande tena.

Dalili za dakika za mwisho kila mtoto azijue. Kijito kikipungua ghafla wakati mvua inanyesha, kimezibwa juu, na kitakuja chote kwa pamoja. Mngurumo kama wa malori mengi yasiyofika. Miti kukatika bila upepo. Mlango uliokuwa ukifunguka vizuri ukigoma. Hapo watu wakimbie kwenda pembeni na juu, kwenye mgongo wa mlima, wala wasifuate bonde kwenda chini, kwa sababu tope lenye mawe linaweza kwenda zaidi ya mita 10 kwa sekunde na hakuna binadamu wa kulishinda mbio. Wasirudi kuchukua chochote, na wasirudi kuokoa kabla ya mlima kutulia. Kule Khuvasali, Kakamega, Agosti 2007, watu walijaa kwenye maporomoko ya kwanza, na ya pili yakawafunika. Najua kumwambia mtu asirudi wakati ndugu yake yuko chini ni maneno magumu, lakini yazungumzeni sasa, mkiwa na akili tulivu.

Sasa, mwende wapi? Hili ndilo chifu hakulijibu. Mlima mmoja una sehemu tofauti sana. Maji hukusanyika kwenye mabonde madogo na makorongo. Migongo inayotokeza katikati yake huwa na udongo mwembamba na hukauka upesi. Mara nyingi sehemu salama iko mita mia mbili au tatu kando, wala haiko kaunti nyingine. Ardhi zenu za koo huteremka kutoka juu hadi bondeni, kwa hiyo karibu kila ukoo una kipande cha mgongo mahali fulani, au shemeji aliye nacho. Kibanda cha mabati cha kulala msimu wa mvua kinatosha kuanzia. Kushuka hadi sakafu ya bonde kuna shida zake, mafuriko, mbu, na hofu ya mashambulizi ambayo haijaisha, na mimi si mtu wa kumwambia mama mwenye watoto hofu ipi ni ndogo. Kuhama moja kwa moja kunaweza kuhitajika baadaye, mtaalamu akisema hivyo. Ikifika hapo, wekeni mipaka ya kila familia kwenye kumbukumbu zilizotiwa sahihi mbele ya wazee na chifu kabla mtu hajaondoka. Hofu ya kupoteza shamba imewarudisha wengi chini ya nyufa.

Mama yako nadhani hakuulizwa vizuri. Ukimwambia aliache kaburi, atakataa, na mimi ningekataa. Mwambie atalala kwa binti yake au kwa jirani wa mgongoni hadi mvua ziishe, na siku za jua mtashuka naye mchana kulifyekea nyasi, baada ya wewe kusoma daftari la asubuhi.

Kuhusu msaada, kesho usingoje mtu aje. Pigia Msalaba Mwekundu wa Kenya 1199, ni bure, uwaeleze ufa na chemchemi kwa maneno yaleyale uliyoniandikia. Ripoti kwa chifu kwa maandishi, nakala kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa ofisi ya kaunti inayoshughulikia majanga, na mwambie MCA wenu, yaani mwakilishi wa wadi, ili asisingizie hakujua. Ombeni mwanajiolojia apande, si mtu wa kupiga picha na kurudi. Serikali ikichelewa, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega kina wataalamu wa majanga. Peleka daftari, picha za ufa mtu akiwa amesimama pembeni ili ukubwa uonekane, na alama ya mahali kutoka kwenye simu yako. Ofisi ya hali ya hewa ya kaunti hutoa utabiri wa wiki. Omba ujumbe uje kwenye simu yako.

Mwisho ni shule. Kijijini watu wakikimbia, hukimbilia shuleni au kanisani, kwa sababu ndiyo majengo makubwa, na chifu naye huenda ameiandika shule yenu kama mahali pa kukutania. Iko mdomoni mwa korongo lenye ufa. Hakikisha inafutwa kwenye orodha hiyo wiki hii na pawekwe mahali pa mgongoni panapojulikana na kila boma. Masomo ya mchana yasiendelee kwenye madarasa hayo mpaka chemchemi isafike na vigingi visimame. Omba kutumia kanisa au kituo kilicho nje ya korongo, hata kama mtabanana. Mwalimu mkuu akihitaji barua ya kitaalamu ya kumwonyesha ofisa wa elimu, nitaiandika mara tu nikipokea picha zako na vipimo vya siku tatu za kwanza.